Picha ya damu kwa mgonjwa wa moyo: maswali ninayoulizwa dirishani

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza. Siku ya kliniki ya moyo benchi la nje hujaa kabla ya saa moja asubuhi. Wengine wamevuka jana yake kutoka Ukerewe wakalala mjini kwa ndugu, wengine wametoka Magu, Sengerema au Geita alfajiri. Wanaleta fomu iliyoandikwa FBP, yaani picha kamili ya damu, wananyoosha mkono, na baadaye wanapewa karatasi yenye namba zaidi ya ishirini. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nimeyakusanya yale yanayojirudia, pamoja na majibu niliyoyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza madaktari ninaofanya nao kazi. Daktari wako ndiye anayekujua. Haya yakusaidie kumuuliza vizuri.

Nimeandikiwa "picha kamili ya damu". Ni picha kama ya eksirei?

Hapana, ni hesabu. Tunachukua damu kidogo, mililita mbili hadi nne, kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau ambacho ndani kina dawa ya kuzuia damu isigande. Mashine inazipitisha chembe kwenye tundu dogo sana, moja moja, na kila inayopita inatikisa umeme kidogo, basi inahesabiwa na ukubwa wake unajulikana. Njia hiyo ilipewa hataza Marekani mwaka 1953 kwa jina la Wallace Coulter, na mashine nyingi bado zinaifuata.

Karatasi ina makundi matatu: chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu ukijikata. Kwa kipimo hiki peke yake huna haja ya kufunga. Kunywa uji wako, meza dawa zako za asubuhi, uje.

Kinachoumwa ni moyo. Kwa nini mnahesabu damu?

Mvuvi anaelewa haraka. Ukipunguza matenga ya samaki kwenye mtumbwi, lazima uongeze safari ili mzigo uleule ufike mwaloni. Moyo nao, chembe nyekundu zikiwa chache, hupiga mbio zaidi ili oksijeni ileile ifike kwenye figo, ubongo na misuli. Moyo mzima huvumilia kwa muda mrefu. Moyo uliotanuka, au wenye valvu (mlango wa ndani ya moyo) iliyoharibiwa na homa ya rumatizimu utotoni, hauna nguvu ya akiba. Mgonjwa ambaye wiki iliyopita alipanda mlima wa Bugando kwa miguu, leo anapumzika mara tatu, na dawa zake za moyo hazijabadilika hata moja.

Na jambo hili kwetu si la nadra. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, ukachapishwa mwaka 2015, ulikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa damu. Kwa hiyo daktari anayeagiza kipimo hiki anatafuta kitu ambacho uwezekano wa kukipata ni mkubwa.

Kuna pia upande wa pili. Upungufu mkali wa damu peke yake huleta kuvimba miguu, moyo kwenda mbio na pumzi kukata. Watu wamewahi kuja wakiamini wana moyo mkubwa, kumbe damu ilikuwa 4.

Damu yangu ni 9. Ni ndogo sana?

Ni pungufu. Kwenye karatasi tafuta HGB au Hb, yaani himoglobini, kitu kilicho ndani ya chembe nyekundu kinachobeba oksijeni; ndiyo namba tunayoiita "damu". Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu kuanzia chini ya 13 kwa mwanaume na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, kwa gramu katika desilita moja. Mashine nyingine huandika kwa lita, kwa hiyo 90 ya karatasi moja ndiyo 9.0 ya nyingine. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni kabla ya kushtuka.

Namba hiyo usiisome peke yake. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda oksijeni inapungua, mwili unafidia kwa kutengeneza damu zaidi kidogo. Shirika hilohilo linataka kipimo kirekebishwe kwa watu wa miinuko kama yetu. Maana yake, 12 ya mwanamke wa Mwanza si sawa kabisa na 12 ya mwenzake wa Tanga. Yetu inaweza kuwa inaficha upungufu mdogo.

Kuna na maji. Mgonjwa aliyevimba miguu na tumbo amejaa maji hadi ndani ya mishipa, na chembe zake zinakuwa kama chumvi kwenye mchuzi ulioongezwa maji: zipo, lakini zimesambaa. Akipewa dawa ya kukojoa na maji yakatoka, damu inaweza kupanda kutoka 10 hadi 11 bila kula kidonge chochote cha madini. Kinyume chake, aliyeharisha siku mbili ataonekana ana damu nyingi kwa sababu maji yamemtoka. Ndiyo maana daktari makini huangalia karatasi huku akibonyeza miguu yako na kukuuliza uzito wa wiki iliyopita.

Kwa nini kila nikija mnaniuliza karatasi ya zamani?

Kwa sababu ndiyo yenye maana kuliko ya leo. Hili nalisema kila siku na sitachoka.

Mwishoni mwa mwaka 2024 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, walichapisha uchunguzi unaoonyesha kwamba kila mtu mzima mwenye afya ana kiwango chake cha chembe za damu, na kwamba kiwango hicho hubaki karibu palepale kwa miaka mingi. Mimi nina changu, wewe una chako, ingawa wote tunaweza kuwa ndani ya mipaka ya "kawaida" iliyochapwa kwenye karatasi. Anayeshuka kutoka 15 hadi 13 karatasi haitamwekea alama nyekundu, lakini amepoteza kitu.

Nilimhudumia mama mmoja mwenye valvu ya chuma, anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Alikuwa amepima sehemu tatu tofauti ndani ya miezi sita. Ya kwanza 12.8, ya pili 11.9, ya tatu 10.7. Kila aliyempokea aliona karatasi moja tu na kumwambia si mbaya. Siku aliyokuja kwetu alikuwa nazo zote kwenye mfuko wa nailoni, akazipanga mezani kwa tarehe, na mteremko ukaonekana bila kuhitaji mashine. Daktari alimuuliza rangi ya choo. Kilikuwa cheusi tangu mwezi wa pili na hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikuwa anavuja damu taratibu kutoka kwenye kidonda cha tumbo, na wafarini ilikuwa inaufanya mvujo usikome. Karatasi tatu za mfukoni ndizo zilizomwokoa.

Nimepewa vidonge vya kuongeza damu. Si vinatosha?

Inategemea damu inapotelea wapi, na hapa kwetu inapotea kwa njia nyingi. Kichocho cha tumbo kwa wanaoingia ziwani kila siku. Minyoo ya safura. Malaria inayovunja chembe. Hedhi nzito. Aspirini inayokwaruza tumbo. Figo zilizochoka na presha, ambazo hazitoi tena homoni ya kuamrisha uboho utengeneze damu. Kumpa mtu madini ya chuma bila kuuliza swali hilo ni kujaza ndoo iliyotoboka.

Karatasi yenyewe ina dokezo. MCV ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu: zikiwa ndogo, tunafikiria ukosefu wa madini ya chuma kwanza, zikiwa kubwa, tunafikiria upungufu wa vitamini B12 au foliki, pombe, au dawa fulani. RDW inaonyesha chembe zinavyotofautiana ukubwa. Namba hii zamani hatukuijali sana, mpaka mwaka 2007 uchambuzi wa wagonjwa wa utafiti mkubwa uitwao CHARM ulipoonyesha kwamba wenye moyo dhaifu na RDW ya juu walikuwa na hatari zaidi ya kulazwa na kufa. Haitibiwi yenyewe, ila ikipanda inasema mwili hautengenezi chembe vizuri, tafuta sababu.

Kwa mgonjwa wa moyo dhaifu vidonge vina udhaifu wao. Utafiti wa IRONOUT wa mwaka 2017 uliwapa wagonjwa 225 madini ya chuma ya kumeza kwa wiki 16, na uwezo wao wa kufanya mazoezi haukuongezeka kuliko wa wale waliopewa dawa bandia. Chuma kinachopitishwa kwenye mshipa kimefanya vizuri zaidi: tangu utafiti wa FAIR-HF wa mwaka 2009 imeonekana kinawapa wagonjwa nafuu ya pumzi na nguvu, hata wale ambao damu yao haijashuka ila akiba ya chuma imekwisha. Akiba hiyo hupimwa kwa feritini, na kwa wagonjwa wa moyo chini ya 100 huhesabiwa upungufu. Muulize daktari kama kipimo na dawa hiyo vinapatikana pale unapotibiwa, na kama vinakufaa.

Kama vidonge ndivyo ulivyo navyo, vimeze vizuri. Chai ya rangi na kahawa huzuia chuma kisifyonzwe, basi viweke mbali na mlo huo kwa saa moja au mbili. Chungwa au ndimu husaidia. Choo kitakuwa cheusi kwa sababu ya vidonge, kwa hiyo mwambie daktari ulianza lini, asichanganye na damu ya tumboni. Na dada zangu mnaonunua udongo sokoni na kula: hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua. Sema kliniki bila aibu.

Juisi ya matembele, rozela na kiazi chekundu je?

Matembele ni chakula kizuri, lakini mgonjwa anayetumia wafarini asianze ghafla kunywa glasi nzima kila asubuhi. Majani hayo yana vitamini K nyingi, ambayo inapunguza nguvu ya wafarini, na valvu inaweza kuganda damu. Kula mboga za majani kiasi kilekile kila wiki, usipandishe wala kushusha. Rozela huweza kushusha presha kidogo, kwa hiyo mwenye dawa nyingi za presha amwambie daktari kama anainywa kila siku.

Kwa chuma hasa, dagaa wa Mwaloni, maini na maharage vinakupa zaidi ya juisi yoyote.

Damu ya baba ni 8 na amelazwa. Kwa nini hawamwongezi haraka?

Kwa sababu chupa ya damu nayo ni maji, na kumwongezea maji mgonjwa ambaye moyo wake umeelemewa na maji kunaweza kumjaza mapafu usiku huohuo. Ikibidi kuongezwa, inapita chupa moja kwa wakati, polepole, mara nyingi pamoja na dawa ya kukojoa, na nesi anamwangalia pumzi. Ndugu wanaoona tone linadondoka taratibu wasifungue kile kirekebishi wenyewe. Nimeona wakifanya hivyo kwa upendo, na ni hatari.

Namba gani ndiyo ya kuongezea? Kwa wagonjwa wengi waliotulia, madaktari husubiri ishuke karibu na 7. Aliyepata shambulio la moyo ni habari nyingine. Utafiti wa MINT wa mwaka 2023, wenye wagonjwa 3,504 waliopata shambulio la moyo wakiwa na damu chini ya 10, ulilinganisha kusubiri hadi 7 au 8 na kuwaongezea wasishuke chini ya 10. Ndani ya siku 30, waliokufa au kupata shambulio jingine walikuwa asilimia 16.9 kwa waliosubirishwa na asilimia 14.5 kwa walioongezewa mapema. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kufunga mjadala, lakini madaktari wengi sasa hawamwachi mgonjwa wa namna hiyo ashuke sana. Kama baba yako alikuwa na shambulio la moyo, uliza swali hili kwa jina lake.

Na zile sindano za kuamrisha uboho utengeneze damu, zinazotumika kwa wagonjwa wa figo? Kwa moyo dhaifu zilijaribiwa kwa watu 2,278 katika utafiti wa RED-HF, mwaka 2013. Damu ilipanda, lakini vifo na kulazwa havikupungua, na mabonge ya damu yaliongezeka. Namba nzuri kwenye karatasi haikuwa afya nzuri. Tangu hapo hazitolewi kwa sababu ya moyo peke yake.

Chembe sahani zangu ni 70. Daktari amesita kunipa aspirini. Kwa nini?

Swali hili nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linalotugusa sisi wa ukanda wa ziwa kuliko vitabu vingi vilivyoandikwa mbali.

Chembe sahani, PLT kwenye karatasi, kwa kawaida ni 150 hadi 400 au 450. Aspirini na klopidogreli kazi yake ni kuzizuia zisishikane, ili mshipa wa moyo usizibe. Sasa kama ni chache tangu mwanzo, dawa hiyo inaweza kugeuka chanzo cha kuvuja damu.

Ukikaa Dar es Salaam na PLT ni 70, daktari atafikiria mambo kadhaa. Ukiwa mvuvi wa Ukara, au umekulia kando ya maji Igombe, jambo moja linapaswa kuwa juu ya orodha: kichocho cha tumbo. Mayai ya mdudu huyu hukwama kwenye ini mwaka hadi mwaka na kuacha makovu. Damu inayopita ini inakosa njia, shinikizo linarudi nyuma, bandama inavimba na kuzihifadhi chembe sahani ndani yake. Wakati huohuo mishipa ya chini ya umio inatanuka kama mipira ya baiskeli iliyojazwa kupita kiasi. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila maumivu. Siku moja anatapika damu beseni zima.

Mwanaume wa miaka 55 mwenye historia hiyo akipata maumivu ya kifua, akaandikiwa aspirini bila mtu kuangalia PLT wala kumpapasa tumbo, tumempa dawa sahihi katika mwili usio sahihi. Kumpapasa upande wa kushoto chini ya mbavu kunachukua nusu dakika. Picha ya ultrasaundi inaonyesha ini na bandama. Prazikwanteli inaua wadudu, ingawa makovu ya zamani yanaweza kubaki. Na kuna dawa ya moyo, propranololi, ambayo inapunguza pia shinikizo kwenye mishipa ile ya umio. Daktari ndiye atakayepima kama moyo wako unaihimili.

Haina maana kwamba mwenye PLT ndogo hapati dawa ya moyo. Ikiwa juu ya 100 kwa kawaida hakuna kizuizi. Kati ya 50 na 100 daktari hupima faida na hatari, na mara nyingi huongeza dawa ya kulinda tumbo. Chini ya 50 anakuwa mwangalifu sana na dawa zote za kuzuia damu kuganda.

Kabla ya yote hayo, namba yenyewe iwe ya kweli. Kuna watu ambao chembe sahani zao hushikana ndani ya kichupa cha zambarau kwa sababu ya ile dawa yake, mashine ikahesabu bonge kama chembe moja, PLT ikatoka 40 wakati mtu ni mzima. Tunaangalia kwa hadubini, au tunarudia kwa kichupa cha bluu. Malaria nayo huzishusha kwa siku chache, kisha hupanda zenyewe baada ya tiba. Na aliyelazwa akachomwa heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, PLT yake ikishuka kwa nusu kati ya siku ya tano na ya kumi, hiyo ni dharura: sindano yenyewe inaweza kuwa sababu.

Neno moja la lazima: kama umewekewa kijibomba cha kuzibua mshipa wa moyo, usiache aspirini wala klopidogreli kwa kuona namba kwenye karatasi. Rudi kwa daktari siku hiyohiyo. Kijibomba kikiziba, unaweza kufa.

Natumia wafarini. Picha ya damu inaonyesha kama dozi ni sawa?

Hapana. Dozi ya wafarini hupimwa kwa INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kwenye kichupa kingine cha bluu. Picha ya damu inaonyesha kama unavuja. Unahitaji zote mbili.

Chembe zangu nyeupe ni 3.2 na zimewekewa alama nyekundu. Nina ugonjwa?

Huenda huna chochote. Mipaka iliyochapwa kwenye karatasi nyingi, 4 hadi 11, imetokana zaidi na watu wa asili ya Ulaya. Waafrika wengi huzaliwa na hali ya damu iitwayo Duffy hasi, iliyowakinga babu zetu dhidi ya malaria ya aina ya vivax, na wenye hali hiyo wana neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, chache kwenye damu bila kuwa dhaifu mbele ya maradhi. Kama karatasi zako za miaka iliyopita zilikuwa 3.2 au 3.5, hicho ndicho kiwango chako. Kama ulikuwa 6, ni jambo jingine.

Zikiwa juu, kwa mwenye valvu mbovu mwenye homa isiyoisha, hofu kubwa ni vijidudu kukaa kwenye valvu. Tafadhali usipite duka la dawa kununua antibayotiki kwanza. Tukishindwa kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu yako maabara kabla hujameza, tunaweza kukosa kumjua mdudu, na tiba ya wiki nyingi itakuwa ya kubahatisha.

Nimesoma kwamba uwiano wa chembe nyeupe unatabiri shambulio la moyo. Mbona hamnipi dawa kwa hilo?

Uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe, kweli hupanda kwa watu wenye hatari zaidi, kwa sababu uvimbe wa ndani ya mishipa ni sehemu ya ugonjwa. Utafiti wa CANTOS wa mwaka 2017, wenye watu 10,061, ulithibitisha kwamba kutuliza uvimbe huo kunapunguza mashambulio, lakini dawa yake iliongeza vifo vya maambukizi. Kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, ilileta faida katika utafiti wa LoDoCo2 wa mwaka 2020, kisha utafiti wa CLEAR SYNERGY wa mwaka 2024 kwa waliotoka kupata shambulio haukuona faida. Hakuna kati ya hizo uliothibitisha kwamba uwiano huo unaweza kutumika kuchagua nani apewe dawa.

Ningependa sana siku hiyo ifike, kwa kuwa kipimo hiki ni rahisi na kinapatikana hadi vituo vingi vya afya. Ila kwetu malaria, kifua kikuu na VVU vyote vinausogeza uwiano huo. Atakayeandika mwongozo wake lazima ahesabu watu wa hapa pia.

Eosinofili zangu ziko juu. Zina uhusiano na moyo?

Eosinofili nazo ni aina ya chembe nyeupe. Zikipanda, mara nyingi ni kichocho au minyoo, na tiba yake inajulikana. Lakini zikikaa juu sana kwa muda mrefu zinaweza kuumiza utando wa ndani wa moyo. Upande wa pili wa ziwa, Uganda, mwaka 1948 daktari J. N. P. Davies alieleza ugonjwa ambao utando huo hugeuka kovu gumu na moyo kushindwa kujaa. Chanzo chake bado kinajadiliwa, na eosinofili ni miongoni mwa washukiwa. Kwa hiyo kijana mwenye tumbo lililojaa maji na eosinofili nyingi apimwe moyo kwa ultrasaundi, asiishie kwenye dawa ya minyoo.

Mtoto wangu ana tundu kwenye moyo, midomo ya bluu, na damu yake ni 19. Si ni vizuri?

Mama, hapana. Oksijeni haimtoshi, ndiyo maana mwili wake unatengeneza chembe kupita kiasi. Damu inakuwa nzito. Akiharisha au kutapika inazidi kuwa nzito, na hapo ndipo kiharusi kinapompata mtoto mdogo; mpe maji ya chumvi na sukari mapema, umwahishe hospitali. Kumtoa damu ovyo ili ipungue haifai, hufanyika kwa dalili maalumu tu. Na jambo linaloshangaza wengi: mtoto huyu mwenye 19 anaweza kuwa amepungukiwa chuma. MCV ndogo inaweza kudokeza, na kumpa chuma kwa uangalizi kunapunguza hatari. Tiba ya kweli ni kurekebisha moyo wenyewe. Ulizia rufaa mapema, Bugando kisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, kabla mtoto hajachoka.

Mwanangu ana selimundu. Moyo unahusikaje?

Kanda ya Ziwa takriban mtu mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha selimundu, kwa hiyo swali hili ni la familia nyingi. Mwenye ugonjwa kamili huishi na damu 7 au 8 miaka yote, na moyo wake hutanuka kwa kazi hiyo. Usilinganishe karatasi yake na ya jirani. Linganisha na yake mwenyewe ya siku alipokuwa hana maumivu. Akitumia haidroksiyurea, chembe nyekundu zitakuwa kubwa na nyeupe zitapungua kiasi. Hiyo ni ishara kwamba dawa inafanya kazi, ila zikishuka mno dozi inasimamishwa, ndiyo maana anapimwa mara kwa mara.

Dawa zangu zinaweza kubadilisha namba?

Ndiyo. Dapagliflozini na empagliflozini, dawa za kisukari zinazotumika pia kwa moyo dhaifu, hupandisha hematokriti (asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu) kwa pointi mbili au tatu. Enalaprili, ya presha na moyo, inaweza kushusha damu kidogo. Zidovudini, kwa wanaotumia dawa za VVU, hushusha damu na kukuza chembe. Taja kila dawa, hata ya mitishamba.

Nipime kila baada ya muda gani?

Kabla ya kuanza dawa za kuzuia damu kuganda, kisha daktari ataamua. Wengi waliotulia hupima mara mbili kwa mwaka, wenye upungufu au dawa mpya mapema zaidi. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, kwa hiyo kupima kila wiki ukiwa kwenye vidonge vya chuma kutakukatisha tamaa bure. Mwezi mmoja ni muda wa haki. Lakini choo cheusi, kutapika damu, kizunguzungu au pumzi kukata havisubiri tarehe ya kliniki.

Zahanati walisema 10.1, hapa mmesema 9.6. Nani kakosea?

Pengine hakuna. Kipimo cha kidole na cha mshipa hutofautiana, na mashine mbili hazifanani kabisa. Tofauti ya nusu gramu haitoshi kubadilisha tiba. Ukiweza, pima mahali pamoja.

Ndugu wanaweza kumchangia mgonjwa?

Ndiyo, na Kituo cha Damu Salama Kanda ya Ziwa kiko hapahapa Mwanza. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na damu ya 12.5 au zaidi. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake kila minne. Msisubiri mgonjwa alazwe.

Karatasi yangu ililowa kwenye mtumbwi. Nifanyeje?

Njoo na tarehe uliyopima, tutaitafuta kwenye kumbukumbu. Kuanzia leo, piga picha kila karatasi kwa simu siku unayoipokea, hakikisha tarehe na vipimo vya pembeni vinasomeka, umtumie na mtoto au ndugu mmoja aitunze. Nyuma ya karatasi andika kwa kalamu dawa ulizokuwa unatumia siku hiyo na uzito wako. Ukija kliniki, zipange kuanzia ya zamani, ya leo iwe juu.